Kiti cha ndara cha kale: kinapoyumba, kuzama, kulia au kumwaga unga

Kiti cha ndara ni kile kiti kifupi kisicho na mikono, kilichowekwa chumba cha kulala ili mtu akae, ainame kidogo na kuvaa viatu bila kuhangaika. Kikalio chake huwa sentimita 35 hadi 40 kutoka sakafuni, wakati kiti cha mezani hufika 45 hivi. Kimekuwapo tangu karne ya 18, kikapendwa mno Uingereza na Marekani katika karne ya 19, na katikati ya karne ya 20 mpambaji wa Marekani Billy Baldwin akakirudisha sebuleni kikiwa kimevishwa kitambaa mwili mzima.

Ufupi huo na kukosa mikono ndivyo vinavyoeleza karibu kila hitilafu utakayoiona. Kwa kuwa kiko chini na hakuna pa kushika, mtu haketi juu yake polepole, hujiachia. Akiinuka, husukuma egemeo. Akitaka kukihamisha, hukishika egemeo hilohilo, maana ndiyo sehemu pekee inayojaa mkononi. Kwa hiyo vitu viwili huchoka mapema kuliko vingine: maungio ya miguu ya nyuma, na mikanda iliyobeba kikalio. Vyote viwili havionekani ukiwa umesimama mbele ya kiti.

Ndiyo maana mimi huanza kila kazi kwa kukipindua. Tandika blanketi nene juu ya meza, weka kiti kichwa chini, washa tochi. Chini utakuta kitambaa chepesi cha kuzuia vumbi. Usikichane. Ng'oa misumari michache ya upande mmoja, kifunue kama unavyofunua pazia, utazame ndani. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Dakika kumi za kutazama hapo chini huokoa pesa nyingi, na mara nyingine humwokoa mtu asianguke.

KITI KINAYUMBA

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na ndilo linaloharibiwa zaidi na pupa ya kutia gundi.

Anza na sakafu. Kigeuze kiti robo mzunguko palepale kilipo. Kama mguu unaoninginia umebadilika, tatizo ni sakafu na kiti hakina kosa. Kama ni mguu uleule kila ukigeuza, endelea.

Cha pili ni magurudumu. Viti vingi vya karne ya 19 vilikuwa na vigurudumu vya shaba ya njano kwenye ncha za miguu. Kimoja kikilegea au kikipotea, kiti huyumba hata fremu ikiwa nzima. Kaza skrubu zake kwa bisibisi ya mkono. Kama tundu limepanuka, chonga kijiti chembamba cha mbao, kipake gundi, kichomeke, kiache kikauke, kisha rudisha skrubu ileile. Usiingize skrubu nene zaidi. Mguu ule ni mwembamba na utapasuka kwa urefu.

Miguu ikiwa salama, shika ubao wa mbele wa kikalio kwa mkono mmoja na egemeo kwa mwingine, uvisukume na kuvivuta taratibu huku mwenzako akimulika maungio. Utaona mstari mweusi unafunguka na kufunga, kama mdomo unaopumua. Hapo ndipo gundi ilipokufa. Mara nyingi ni pale ubao wa ubavuni unapoingia mguu wa nyuma. Tazama pia vile vipande vya mbao vya pembetatu vilivyowekwa kwenye kona za ndani kwa kuimarisha. Vikiwa vimebanduka, kazi yao yote imehamia kwenye ulimi wa kiungo, ile ncha ya ubao inayoingia kwenye tundu la mguu, nao haudumu.

Viti vilivyotengenezwa kabla ya vita vya pili vya dunia kwa kawaida viliunganishwa kwa gundi ya wanyama, ile inayochemshwa kutokana na ngozi na mifupa. Uzuri wake ni kwamba hukubali kulainika tena kwa maji ya moto na mvuke kidogo. Kiungo kilicholegea hufunguliwa, gundi kuukuu huoshwa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, mbao huachwa zikauke vizuri, kisha hupakwa gundi mpya ya aina ileile, iliyopashwa moto hadi nyuzi 60 hivi. Bana kwa klampu saa 24, huku umeweka vipande vya mbao laini katikati ili klampu isiache alama. Kabla ya gundi kushika, pima mshazari wa kikalio kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, fremu imekwenda upande. Irekebishe wakati huohuo.

Gundi nyeupe ya kisasa ni imara, lakini sipendi iingie kwenye kiti cha kale. Haiachii kwa urahisi, na gundi nyingine haishikani nayo vizuri, hivyo atakayekuja kutengeneza baadaye atalazimika kuikwangua pamoja na mbao. Ubaya wa kuipenyeza kwenye kiungo ambacho hakijafunguliwa ni mkubwa zaidi: inashika uchafu juu ya uchafu, na baada ya miezi michache kiti kinayumba tena.

Wakati mmoja nililetewa kiti cha walnati, kidogo, kizuri, egemeo lake limechongwa mizabibu. Mwenyewe alisema kimekwishatengenezwa mara tatu. Nilipokipindua nilikuta vyuma vinne vya pembe kwenye kona zote, kila kimoja na skrubu nne. Nilivifungua kimoja kimoja. Nyuma ya kile cha kushoto, ulimi wa kiungo ulikuwa umekatwa katikati na skrubu mbili zilizopita ndani yake, na nyuzi za mbao zimesagika zikawa laini kama kamba kuukuu. Kidole changu kidogo kiliingia pale ambapo palipaswa kuwa na mti. Kuchonga ulimi mpya na kuupachika kulichukua siku mbili. Kosa la awali, lile la gundi kufa, lingemalizika asubuhi moja. Ndiyo sababu nasema kwa nguvu: usipigilie msumari wala kufunga chuma cha pembe kwenye kiungo kilicholegea.

Acha, umwite seremala wa samani za kale, ukiona ufa unaokatiza mguu wa nyuma kwa upana, hasa karibu na usawa wa kikalio. Ufa unaofuata mshipa wa mbao hutibika kwa gundi na klampu. Ule unaoukatiza mshipa unabeba uzito wa mgongo wa mtu mzima. Ukivunjika, hutupa mkaaji chali. Kiti cha namna hiyo kisikaliwe hata kwa majaribio.

KIKALIO KIMEZAMA

Pima kwanza. Chukua urefu kutoka sakafuni hadi katikati ya kikalio bila mtu, kisha mtu akiwa amekaa. Kikalio cha springi hushuka kidogo kisha kinasukuma juu. Kikishuka na kukaa hukohuko, au ukahisi ubao wa fremu unakuuma chini ya mapaja, kuna kilichokatika.

Chanzo cha kawaida kabisa ni mikanda ya juti iliyofumwa chini kama mkeka. Juti hulegea na kukauka. Ukiibonyeza kwa kiganja kiti kikiwa kichwa chini, inapaswa kukaza kama ngozi ya ngoma. Ikibonyea, imeisha. Wengine hukaza ile ile kwa misumari zaidi. Huko ni kupoteza muda, kwa sababu juti iliyokauka hukatika pembeni mwa msumari mpya. Badilisha mikanda yote kwa pamoja, si ule mmoja uliokatika tu, maana wenzake wana umri uleule.

Kuna tatizo linaloambatana na hili ambalo watu hawalitarajii. Ubao wa fremu uliokwisha vishwa mara nne au tano umejaa matundu ya misumari na haushiki tena. Ukigonga msumari mpya unazama bila ukaidi. Changanya unga laini wa msumeno na gundi ya wanyama, shindilia kwenye matundu, acha ikauke siku mbili, halafu pigilia misumari midogo kuliko ya awali, ukiipishanisha isikae mstari mmoja. Ubao ukiwa umepasuka kwa urefu, hapo ni kazi ya fundi.

Cha pili ni uzi unaofunga springi. Kila springi huwa imefungwa kwa jirani zake na kwa fremu, kwa katani, katika njia nane kwa kazi nzuri. Fundo moja likikatika, springi huinama upande na kikalio kinapata bonde sehemu moja. Mikanda ikiwa mizima na bonde likawa upande mmoja, shuku uzi. Ukifunua upande wa juu kidogo utaona springi imelala. Kufunga uzi mmoja kunawezekana nyumbani kama kitambaa kinafunguka bila kuharibika. Kufunga zote upya ni ufundi wenye vipimo vyake. Mimi ningemwachia fundi makochi.

Springi yenyewe kuvunjika ni nadra. Ikitokea, ncha ya waya huchoma juu kupitia gunia, na kiti kinakuwa hatari kwa mtoto anayerukaruka.

Mwisho kabisa, kujaza kwenyewe kumelala. Singa za farasi hazifi. Zikikandamizwa miaka mingi zinaweza kutolewa, kuchambuliwa kwa mkono zikafunguka, na kurudishwa. Ninaona uchungu kila nikisikia zimetupwa na mahali pake pamewekwa sponji. Fanya kazi hiyo nje au dirisha likiwa wazi, uvae barakoa, kwa sababu ndani yake kuna vumbi la miaka mia.

Ukiwa huko ndani, soma umri. Springi za koili zilianza kuingia kwenye samani katika miaka ya 1820 na 1830. Kiti kinachodaiwa kuwa cha miaka ya 1780 kikiwa na springi, ama kilivishwa upya baadaye ama umri wake umetajwa vibaya. Sponji ya mpira ni ya kuanzia miaka ya 1930, na ile ya poliyurethani ni ya miaka ya 1950 kuendelea.

Onyo: springi iliyofungwa imekandamizwa. Usikate uzi wote kwa mkupuo huku uso wako ukiwa juu yake. Vaa miwani ya kinga, kata upande mmoja, ishike springi kwa mkono mwingine ipande taratibu.

KITI KINALIA

Sikiliza ni sauti gani. Mlio mwembamba wa mbao, kama mlango usiotiwa mafuta, ni kiungo kinachosuguana. Rudi kwenye sehemu ya kuyumba. Mlio wa chuma unaovuma ni springi mbili zinazogusana kwa sababu uzi umelegea. Mlio mmoja mkavu, kama kijiti kinachovunjika, unaotokea kila mtu anapoegemea, ndio unaonitisha: mara nyingi ni ufa unaoanza. Usitie mafuta kwenye kiungo ili kunyamazisha. Mafuta huingia kwenye mbao na gundi haitashika tena hapo.

UNGA AU CHEMBE SAKAFUNI CHINI YA KITI

Okota kidogo, weka kwenye karatasi nyeupe, sugua kwa kidole. Jibu liko kwenye hisia ya kidole.

Chembe za njano au kahawia zinazonata kidogo au kuvunjika kama makombo ni sponji inayooza. Kiti hakijaugua, kujaza kwake ndiko kumekwisha. Toa yote, safisha fremu, jaza upya.

Unga wa mbao wenye mchanga-mchanga ni bungua. Tafuta matundu ya mviringo ya milimita 1.5 hadi 2, hasa kwenye mbao za ndani ambazo hazikupakwa vanishi, kwa sababu watengenezaji walitumia mbao rahisi mahali pasipoonekana. Unga laini mno, kama poda, na matundu madogo zaidi, huashiria aina nyingine ya mdudu anayependa sehemu nyeupe ya nje ya mbao ngumu.

Matundu peke yake si ushahidi kwamba mdudu yupo. Yale ni milango ya kutokea, na mdudu aliyetoboa anaweza kuwa ameondoka miaka hamsini iliyopita. Tundu jipya lina kingo safi na rangi ya mbao mbichi ndani. La zamani limeingia giza na vumbi. Ukiwa na shaka, futa kiti vizuri, kitandikie karatasi nyeusi chini, kiache wiki kadhaa bila kukigusa. Unga ukirudi, yupo. Bungua wa kawaida anaweza kukaa ndani ya mbao akiwa funza miaka miwili hadi mitano, kwa hiyo ukimya wa mwezi mmoja usikufanye ukisahau.

Kitenganishe kiti na samani nyingine. Kwa kiti kidogo kama hiki, kugandisha kunafanya kazi: funga kwenye plastiki nzito isiyoingiza hewa, weka kwenye friza kubwa ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kiache kirudi joto la chumba kikiwa bado kimefungwa ili umande usikae juu ya mbao. Usigandishe kiti chenye maungio yaliyolegea sana au mbao za mapambo zilizobanduka. Dawa za kumwaga kwenye matundu ni sumu, na zinatia doa kitambaa. Kama funza wameenea hadi ubao unabonyea kwa ukucha, waite wataalamu wa wadudu pamoja na seremala, maana hata wakifa ubao huo hauna nguvu tena.

Kama vinavyodondoka ni nywele fupi zilizokatika pamoja na maganda madogo ya kahawia yenye manyoya, ni funza wa mende wa mazulia wanaokula sufu na singa. Na ukiona madoa meusi kama nukta za wino kwenye mishono, hao ni kunguni. Kiti kisiingie chumba cha kulala hata usiku mmoja.

VANISHI INA MADOA MEUPE AU INANATA

Duara jeupe lililoachwa na glasi ni unyevu uliofungwa ndani ya vanishi. Likiwa jipya, mara nyingi huondoka lenyewe kwa siku chache mahali pakavu. Lisipoondoka, jua kwanza ni vanishi gani: mahali pasipoonekana, nyuma ya mguu, gusa kwa pamba yenye spiriti kidogo. Ikilainika na kunata mara moja, ni sheleki, iliyokuwa ya kawaida katika karne ya 19. Sheleki hutengenezeka bila kukwanguliwa. Mpigaji sheleki mzuri huiyeyusha juujuu na kuilaza upya.

Kunata kwa jumla husababishwa zaidi na tabaka za nta na mafuta ya kung'arishia zilizorundikana. Futa kwa kitambaa chenye tapentaini ya madini, kidogo kidogo. Usipeleke msasa. Rangi ile ya kahawia yenye kina ilichukua vizazi kujengeka, na msasa huimaliza kabla hujanywa chai. Vitambaa vilivyoloa mafuta ya kitani vitandaze nje vikauke. Vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe.

Kiti kikiwa kimepakwa rangi, na hasa rangi ya kabla ya miaka ya 1970, kichukulie kuwa kina madini ya risasi, ambayo ni sumu, mpaka kipimwe. Usikwangue mkavu, usichome, na watoto wakae mbali.

KITAMBAA KINACHANIKA

Kikichanika kwenye mstari wa misumari, kilivutwa mno au misumari imeshika kutu. Kata nyuzi zilizokufa, shona kipande cha kuimarisha upande wa ndani. Hariri ya mwisho wa karne ya 19 ni habari nyingine. Nyingi iliongezwa uzito kwa chumvi za madini ili ionekane nzito, na chumvi hizo huila. Inapasuka kwa mistari sambamba hata bila kuguswa, na hakuna uzi utakaoishikilia. Ifunike kwa wavu mwembamba au ipeleke kwa mhifadhi wa nguo.

Kitambaa cha kijani kikali cha karne ya 19 usikisugue, usikifyonze kwa mashine ya kawaida, usikilalie. Baadhi ya rangi za kijani za wakati ule zilikuwa na sumu ya aseniki. Kifunike, nawa mikono, tafuta mtu mwenye vifaa vya kupima.

KINAINAMIA MBELE, AU KIKO CHINI KUPITA KIASI

Kuinamia mbele mara nyingi ni vigurudumu vya mbele vilivyotolewa huku vya nyuma vimebaki. Pima miguu yote kutoka ubao wa kikalio kwenda chini.

Kikiwa chini ya sentimita 33, kipindue uangalie ncha za miguu. Mguu wa asili umechakaa, umelainika pembeni, una rangi moja na mwili wake. Uliokatwa una uso bapa, alama za msumeno na mbao yenye rangi changa. Wengine walikata miguu iliyooza kwa unyevu wa sakafu, na wengine walikata kiti cha kawaida ili kiuzwe kama cha ndara. Tofauti inaonekana kwenye uwiano: kiti cha ndara halisi kilichorwa kifupi tangu mwanzo, kwa hiyo egemeo lake huonekana refu na miguu hupungua unene taratibu mpaka ncha. Kilichokatwa, mguu unaishia ghafla mahali ambapo ulikuwa bado mnene, na kama ulikuwa na mapambo ya kukerezwa, pete ya mwisho imekatwa nusu. Mguu uliooza unaweza kuunganishwa kipande kipya na seremala. Kile kilichokatwa kwa udanganyifu, kitumie kama ni imara, ila usikilipie bei ya kitu ambacho sicho.